Ruti ya Malangali na Dakika za Kuagana

Vijana wangu wa kitengo cha usafiri, siku mliponiaga mlinipa saa kubwa ya ukutani. Nashukuru. Bado sijajua ni nani kati yenu aliyefikiri kwamba mtu aliyemaliza kazi anahitaji saa kubwa kuliko ile aliyokuwa nayo kazini, lakini nimeitundika sebuleni na mume wangu anaifurahia. Mliniomba pia niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa, hasa habari ya ruti ya Malangali, kwa kuwa kila mmoja wenu anaisimulia kivyake na wengi wenu mlikuwa bado hamjaajiriwa. Basi nimewasha jiko la mkaa, upepo wa hapa Sumbawanga mnaujua, nimekaa karibu nalo, naandika. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Zimo kwenye faili langu, na faili lenyewe halina utamu wowote.

Nilianzia stendi, getini. Barabara ya Tunduma ilikuwa bado ya vumbi kiangazi na ya tope masika, na basi la Mbeya lilifika lilipojisikia. Aliyenipokea alikuwa msimamizi wa stendi, Mzee Polikarpo, mtu mfupi aliyevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, mwaka mzima, hata siku ambazo sisi wengine tulikunja mikono ya mashati. Alinikabidhi koti la kazi lililonizidi, ubao mweusi, vipande vya chaki, na filimbi yenye kamba.

"Shikamoo, baba," nikamwambia.

"Marahaba, binti. Hiyo filimbi usiipulize mpaka nikwambie."

"Ni ya nini sasa?"

"Ni ya kuvaa."

Nilifanya naye kazi miaka mingi na sikumbuki kama aliwahi kuniambia niipulize. Mzee Polikarpo aliamini kwamba mtu aliyepigiwa filimbi anasimama kukutazama wewe badala ya kufanya ulichotaka afanye. Yeye alikwenda mpaka kwa mtu, akamsalimu vizuri, akamuuliza habari za nyumbani, ndipo akamwambia gunia lake limeziba mlango. Jambo lilichukua muda, lakini gunia lilihamishwa na halikurudi tena mlangoni.

Kazi yangu ya kwanza siku ile ilikuwa kuchungulia ndani ya basi la Mbeya na kuandika ubaoni kama lina nafasi. Nilichungulia. Kila kiti kina mtu. Nikaandika kwa herufi kubwa LIMEJAA, nikajirudisha nyuma kidogo kuusifia mwandiko wangu. Ikaja familia iliyopanda mlima kutoka Milepa, baba, mama na watoto, na magunia ya mpunga, wote wakitetemeka maana huko bondeni kwao ni joto na huku juu hawakuwa na sweta. Nikawaonyesha ubao. Wakasikitika, wakaenda zao kwenye kibanda cha chai.

Dereva akawasha injini. Nusu ya watu ndani ya basi wakainuka. Wakashikana mikono na waliobaki wameketi, wakapiga yale makofi yetu ya taratibu ya heshima, wakateremka mmoja mmoja, akina mama na watoto mgongoni, wazee na fimbo zao, wakajipanga pembeni kutazama basi likiondoka. Nikabaki nimeshika chaki. Basi nililoliandika limejaa lilikuwa na viti vitupu kuanzia katikati mpaka nyuma.

Mzee Polikarpo alicheka mpaka akalazimika kushika nguzo ya geti. Kisha akaenda mwenyewe kwenye kibanda cha chai kuwaita wale wa Milepa, nao wakapanda wakiwa na vikombe mkononi.

Ninyi mliokulia kwingine niwaeleze. Kwetu Ufipa mgeni haachwi mlangoni. Anasindikizwa mpaka pale anapoondoka kweli, na kama ameingia ndani ya basi, na wewe unaingia, unaketi naye, unampashia kiti joto, mnamalizia yale maongezi ambayo usiku mzima hayakuisha. Kumwacha mtu peke yake ndani ya basi lililosimama ni sawa na kumwambia usirudi. Kinachonichekesha mpaka leo ni kwamba mimi ni Mfipa wa kijijini hasa. Nimewapashia viti shangazi zangu wote tangu nikiwa sijaota meno ya mbele. Lakini siku ile nilikuwa nimevaa koti la kazi, na koti lilinisahaulisha nilikotoka.

"Vichwa vinadanganya," Mzee Polikarpo akaniambia jioni, tukipanga vibao. "Tazama miguu. Msafiri amevaa viatu. Msindikizaji amekuja na kandambili."

Huo ndio ulikuwa ujuzi wangu wa kwanza wa kitaalamu. Niliutumia mpaka nilipostaafu, na ulinikosesha mara chache tu, hasa kwa Wafipa waliokwenda kusoma, ambao nao siku hizi wanasafiri na kandambili.

Kesi ngumu zilikuwepo. Kuna bibi mmoja aliyepanda kumsindikiza binti yake, basi lilikuwa na joto zuri, akasinzia, na binti kwa huruma hakumwamsha akidhani dereva atachelewa kama kawaida. Siku hiyo hakuchelewa. Bibi aliamka karibu na Laela. Nyumbani walikuwa wameanza kumtafuta, na mimi nimesimama mbele ya wanawe watatu wenye hasira. Kesho yake bibi akarudi na basi la asubuhi, amependeza, ana debe la maharage. Huko Laela alikutana na ndugu zake ambao alikuwa hajawaona tangu alipoolewa. Alinishika mikono yote miwili kunishukuru kwa kumpeleka. Wanawe wakambebea debe.

Kuna magari ya Kipili yaliyoleta samaki, migebuka, na abiria waliolalamika kwamba nguo zao zinanuka ziwa mpaka Jumapili kanisani. Kuna nguruwe aliyejifungulia juu ya mzigo wa mahindi ya mtu mwingine, tukakaa mkutano mzima kuamua watoto ni wa nani. Mzee Polikarpo aliamua kwamba mwenye nguruwe ana nguruwe, na mwenye mahindi amelipwa heshima. Sijui maana yake ilikuwa nini, lakini alivyoisema kwa upole wote wawili waliridhika.

Mzee alipostaafu alirudi kulima ulezi. Alisindikizwa na stendi nzima, nami nikapewa nafasi yake, na baadaye nikahamishiwa ofisini kwenye kitengo hiki chetu. Ofisini kulikuwa na kiti kinachozunguka na dirisha lisilofunga vizuri, na kiti nilikizoea.

Sasa Malangali. Mnajua ndiko ninakoishi, pembezoni mwa mji wetu. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya huko, tukajenga, tukalima kiasi, tukakaa. Kila siku ya kazi nilikwenda mjini kwa miguu na kurudi kwa miguu, mvua ikinyesha na vumbi likivuma. Majirani walinitania bila huruma. "Mama Usafiri, leo umesafiri na nini?" Nilikuwa nawajibu, "Na viatu." Lakini kicheko kingine kinauma kidogo. Mtu unapanga mabasi ya kwenda mpaka mikoa ya mbali, halafu watu wa mtaa wako wanapita na ndoo kichwani gizani kuelekea sokoni.

Mmoja wao alikuwa jirani yangu Gaudensia, muuza maziwa. Migahawa ya mjini inanunua kwa anayefika kwanza, na Gaudensia, magoti yake yakiwa yameanza kuchoka, alikuwa hafiki tena kwanza. Ruti ya Malangali ilikuwa imejaribiwa mara mbili huko nyuma na mara zote mbili ikafa kabla ya msimu kwisha. Mara ya pili yeye mwenyewe alikuja uani kwangu kunipa pole, kana kwamba nimefiwa. Nilikuwa nimefiwa kweli.

Nikiwa nakaribia kustaafu, zikapatikana kosta mbili, mahsusi kwa ruti hiyo, Malangali mpaka stendi ya mjini kupitia sokoni na hospitali. Sharti lilikuwa moja. Apatikane mwendeshaji anayeaminika kabla ya masika, la sivyo kosta zinakwenda mji mwingine uliokwisha kuziomba. Nilijua hiyo ndiyo mara ya mwisho. Hakuna mtu angeleta gari la nne mahali palipoua ruti tatu, na mimi nisingekuwepo kazini kuliomba.

Walioomba kuendesha walikuwa watatu. Wa kwanza ni kampuni moja kutoka mji wa mbali, yenye mashati ya kufanana na mwakilishi kijana mpole aliyesema "changamoto" kila baada ya pumzi. Wa pili ni umoja wa wenye vipanya, daladala ndogo, wa hapa hapa, chini ya Hamadi, ambaye familia yake ina maduka na magari tangu enzi za babu yake. Wa tatu ni sisi wenyewe, ofisi, na aliyetaka hivyo kuliko wote ni mkuu wangu wa idara, Bwana Kalisti, kijana wa kuweza kuwa mwanangu, msafi, mchapakazi, mwenye kupenda kanuni kama wengine wanavyopenda nyama choma. Ikakubaliwa kila mmoja aendeshe kwa majaribio, kwa zamu, kisha wananchi wasikilizwe na kamati iamue. Mimi nilikuwa kwenye kamati.

Kampuni walianza. Kosta yao iling'aa, konda alivaa tai, na saa ilipofika mlango ulijifunga. Sheria yao ilikuwa ukiingia umelipa. Sasa siku hiyo ya kwanza kulikuwa na shangazi wa bwana harusi aliyekuwa anarudi Namanyere baada ya sherehe. Ukoo mzima ukaja kumsindikiza, ukapanda, ukaketi, ukaanza kuimba. Saa ikafika, mlango ukajifunga, ukoo ukaenda mjini. Stendi, konda akamfuata babu yao kumdai nauli.

"Sisi hatusafiri," babu akamwambia. "Tunasindikiza."

"Lakini mzee, mmefika mjini."

"Ndiyo. Tumemfikisha."

Niliitwa kuamua. Babu alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona binti wa jirani akiwa na marafiki wabaya. Nauli ilisamehewa siku ile, lakini habari ilifika Malangali kabla ya kosta kurudi. Kuanzia hapo hakuna aliyethubutu kuingia na mgeni wake ndani ya gari lile, na kwa kuwa mgeni haachwi peke yake, basi mgeni na wenyeji walikwenda mjini wote kwa miguu. Nilikuwa nakutana nao asubuhi. Msafara wa watu wanatembea, wanacheka, wamembebea mgeni mzigo, na pembeni yao kosta inapita kwa wakati kamili, tupu, konda na tai yake amekaa dirishani.

Ikaja zamu ya Hamadi. Watu wake waliwajua watu. Hawakufunga mlango, hawakumdai babu wa mtu. Lakini watu wa vipanya wana imani moja tu, kwamba gari haliondoki mpaka lijae. Asubuhi ya kwanza pale Malangali kosta ikajaa. Dereva akawasha injini, wasindikizaji wakateremka, kosta ikawa nusu. Dereva akazima injini akasubiri. Ikajaa tena. Akawasha, wakateremka. Wasafiri wenyewe sasa walikuwa wamekaa muda mrefu kiasi kwamba ndugu zao wengine waliokuwa shamba wakapata habari kuwa hawajaondoka, nao wakaja kuwaaga, na kosta ikajaa vizuri kuliko mwanzo. Gaudensia alikuwa amekaa kiti cha mbele na ndoo zake. Alivumilia, mwishowe akateremka, akaenda mjini kwa miguu, akauza maziwa, akarudi, na kosta akaikuta palepale. Alimwambia dereva maneno ambayo mimi, mke wa mwalimu, siwezi kuyaandika.

Kisha sisi. Kosta yetu ilikuwa safi kuliko zote na dereva alikuwa na adabu. Ilipofika saa ya chai alikwenda kunywa chai. Jumamosi, siku ya harusi na misiba na soko, ofisi imefungwa na kosta nayo imefungwa. Bwana Kalisti alisema hayo ni mambo ya kurekebishwa kwa waraka. Nilimpenda kijana yule, na nilijua waraka huo ungetoka baada ya mimi kustaafu, labda na yeye.

Mkutano ulifanyika darasani, shule ya Malangali, watu wazima wamebanwa kwenye madawati ya watoto. Masika ilikuwa inakaribia, mawingu tunayaona dirishani. Bwana Kalisti aliongoza. Kijana wa kampuni akasema wananchi waelimishwe kuagana mapema nyumbani. Darasa liliguna kwa namna ambayo hata yeye aliielewa, akaketi. Hamadi akasimama, akasema wao ni wenyeji, wanawajua watu.

"Unatujua, ndiyo," Gaudensia akadakia kutoka nyuma. "Umetuketisha mle ndani kama viazi ghalani! Mimi nataka gari linalokwenda, Hamadi. Maziwa yangu hayana haja ya kujulikana na wewe."

Watu wakaangua kicheko, na Hamadi mwenyewe akacheka, akajifuta uso.

"Lakini dada yangu, si wewe uliyempandisha mama mkwe wako juzi ukakaa naye mpaka jua likatoka?"

"Mama mkwe! Ulitaka nimtupe?"

Hapo ndipo mkutano ulipoharibika, au tuseme ulipotengenea. Mzee mmoja katekista akauliza, kwa haki, mtu anaagwa kwa muda gani. Bwana Kalisti akajaribu kurudisha ajenda. Hakuna aliyemsikia. Mmoja akasema rafiki anaagwa upesi, ndugu ndiye mzito. Mwingine akasema mgonjwa anayekwenda hospitali asicheleweshwe, lakini anayetoka hospitali aagwe vizuri. Ikabaki mama mkwe. Akina mama walibishana mpaka madawati yakalia. Mwishowe bibi mmoja akasema mama mkwe aagwe nyumbani kikamilifu, chakula, maongezi, zawadi, kila kitu, ili akifika kwenye gari yabaki makofi tu. Ikapita kwa sauti moja. Nimehudhuria vikao vingi vya usafiri maishani mwangu, na hicho ndicho pekee kilichofanya kazi yake.

Nikasimama. Nikasema kama tumeelewana kuagana kunachukua muda gani, basi tuuandike muda huo kwenye ratiba yenyewe. Gari lifike kituoni mapema, mlango ukae wazi, wasindikizaji waingie wakae bila kudaiwa kitu. Honi ya kwanza, watu waanze kuagana. Honi ya pili, wasindikizaji washuke. Honi ya tatu gari linaondoka, kuwe na viti vitupu, kusiwe navyo. Nikawauliza waombaji wote watatu, mbele ya watu, kama wanaweza.

Kijana wa kampuni alisema itabidi awasiliane na makao makuu. Bwana Kalisti alisema, kwa huzuni ya kweli, kwamba hakuna kifungu kinachoruhusu gari la ofisi kubeba mtu asiye abiria. Hamadi alikaa amejishika kichwa. Wengine walidhani anaringa, lakini mimi nilielewa. Kuondoka na kiti kitupu, kwa mtu wa vipanya, ni kuacha riziki ya siku chini na kwenda zako. Madereva wake walikuwa wamesimama mlangoni wanamtazama.

"Dada Leokadia," akasema hatimaye, "unaniambia nivue shati hadharani."

"Nakuambia ndiyo."

"Babu yangu alikuja mji huu kuuza nguo," akasema, sasa akiwageukia watu. "Alipanga kukaa msimu mmoja. Kila alipofunga mizigo kuondoka, watu wa hapa walimsindikiza, wakamwongelesha, siku ikaisha, akafungua mizigo. Hivyo ndivyo mimi nilivyozaliwa hapa. Basi siwezi kukataa watu kuagana. Na kuondoka na viti vitupu, nitaondoka navyo. Lakini vipanya vingine visiruhusiwe kutangulia kuchukua abiria wangu njiani."

Kamati ikajitenga kwenye ofisi ya mwalimu mkuu. Bwana Kalisti alisema jambo la haki kabisa. Watu hawa wamesubiri gari lijae tangu wazaliwe. Leo wameahidi mbele ya watu, kesho dereva akimwona mtu mzito anakuja kwa mbali atazima injini amsubiri, keshokutwa atamsubiri shemeji yake, na mwezi ukiisha tumerudi kwenye viazi ghalani. Ruti imekufa tena, na safari hii haifufuki. Kisha akanitazama. Wote wakanitazama.

Nilikuwa na hofu, siwafichi. Idara ilikuwa yangu, mkuu alikuwa wangu, na Malangali ni kwangu. Kama nikikosea, ningekaa uani kwangu uzee wangu wote nikiwatazama watu wanapita na ndoo, na mimi ndiye niliyewakosesha. Nikasema wapewe wenye vipanya. Nikasema gari la ofisi linaweza kufundishwa saa lakini halina atakayelifundisha Jumamosi, na kampuni inaweza kufundishwa watu lakini watu watakuwa wamekwisha kuondoka kwa miguu. Wengine wakaunga mkono. Bwana Kalisti aliandika uamuzi kwa mkono wake, mwandiko mzuri kama kawaida, akanipa mkono.

"Mama, wakimsubiri mtu hata mmoja, nitakukumbusha."

"Unikumbushe," nikamwambia.

Asubuhi ya kwanza Malangali iliamka yote. Kulikuwa na baridi na ukungu unaotambaa juu ya mashamba ya mahindi. Kosta imesimama kituoni, mlango wazi, dereva wa Hamadi kijana Epimaki kwenye usukani, Hamadi mwenyewe amesimama pembeni na kanzu yake na koti juu, anatafuna mswaki kwa wasiwasi. Gaudensia ameketi mbele na ndoo zake. Nilivaa gauni langu la Pasaka. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku hiyo kuliko nilivyojiandaa kwa harusi yangu, kwa sababu bwana harusi nilikuwa na hakika naye.

Nilitoka nyumbani mapema ili nipande, nawahakikishia. Lakini mlangoni kwa katekista nikamkuta katekista. Nikamsalimu. Akaniuliza habari za mume, za watoto, za ruti. Akanipongeza, akapiga makofi, nami nikainama nikapiga. Hatua chache mbele, yule bibi wa mama mkwe. Yeye alitaka kunishika mikono na kunibariki, na hubarikiwi huku unaangalia saa. Nikasikia honi. Nikamaliza baraka. Wakaja wengine wawili. Nikasikia honi ya pili, nikaona wasindikizaji wanashuka, wametii wote, hata watoto, nami nikajawa na fahari nikasimama kuwatazama wakishuka kwa utaratibu, nikamweleza mama aliyekuwa karibu yangu jinsi tulivyofikia uamuzi ule.

Honi ya tatu ikalia, na gari likaondoka.

"Epimaki!" nikaita. Nikanyanyua mkono, nikakimbia kidogo, gauni la Pasaka halikutengenezwa kwa kukimbia. "Epimaki! Ni mimi!"

Aliniona. Niliyaona macho yake kwenye kioo cha pembeni, yametoka kwa hofu. Nilimwona anamtazama Hamadi pale chini, na Hamadi akatikisa kichwa mara moja, hapana. Kosta ikaongeza mwendo. Kiti karibu na Gaudensia kilikuwa kitupu, na nyuma yake viti vingine vitupu kadhaa, vinaonekana wazi kabisa dirishani, vinakwenda mjini bila mtu.

Watu wote pale kituoni waligeuka. Walikuwa wananitazama mimi, afisa wa usafiri, mama wa ruti, nimesimama katikati ya barabara na vumbi kwenye gauni. Hamadi alikuwa ameutoa mswaki mdomoni. Alikuwa anangoja nimpandishie sauti.

Nilianza kucheka. Nilicheka mpaka nikalazimika kumshika yule bibi bega, naye akacheka bila kujua ninacheka nini, kisha kituo kizima, na Hamadi akaketi chini kwenye jiwe akiwa amejishika tumbo, anasema, "Nimemwacha! Jamani nimemwacha afisa!" Sijawahi kufurahi hivyo kazini. Niliwapigia makofi, yale ya heshima, kwa magoti yaliyokunjwa, nikashika njia.

Nilitembea kwenda mjini kama nilivyotembea miaka yote, nikicheka peke yangu, watu mashambani wakisimama na majembe yao kunishangaa. Karibu na hospitali niliiona kosta inarudi, inakuja kasi, kwa wakati wake. Haikupunguza mwendo. Konda alitoa kichwa dirishani na mkono wote nje.

"Shikamoo, mama!" akapiga kelele akipita. "Kesho uwahi!"